Maji Yaliyolala Wazi

Nianze na aibu yangu, tumalizane nayo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ndizo zilizonitoa kwenye karakana ya vioo mjini, nilikokuwa nimefanya kazi miaka mitano. Tajiri wangu alinisingizia kioo kilichopasuka, kioo alichokiegemeza vibaya yeye mwenyewe, na badala ya kunyamaza nikamwambia mbele ya wateja kwamba hajui kushika almasi ya kukatia vioo wala hajui kushika ulimi wake. Nikavua aproni nikaitupa mezani. Nilipofika barabarani nilijiona dume kwelikweli. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba mke wangu ana mimba ya miezi saba.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili karibu na Kenyatta Market, ndani ya ua mmoja na wapangaji wengine watano, na mfereji mmoja katikati ya ua. Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini. Mke wangu ni wa Mombasa, na kwao uzazi wa kwanza si mchezo. Siku zilipokaribia, mama yake alipanda gari moshi akaja kumlea bintiye. Alikuja na mafuta ya nazi, udi, mkeka wake, na macho yaliyoona kila kitu. Aliona kwamba asubuhi siendi kazini. Hakuniuliza hata mara moja.

Mkwe wangu na mimi tulikuwa na heshima ile ya zamani: salamu asubuhi, salamu jioni, macho chini, na kila neno la maana linapitia kwa mke wangu. Akitaka kusema na mimi alimwambia yeye, hata nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka hapo. Basi siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto wa kiume, nikaletewa neno.

"Mama asema arobaini ikiisha ataangalia," mke wangu akaniambia. "Akiona una kazi, ataniacha hapa na mtoto. Akiona huna, tutakwenda naye Mombasa mpaka ujiweke sawa."

"Na wewe wasemaje?"

Alimtazama mtoto, hakunitazama mimi. "Mimi nasema utafute kazi."

Sikuweza kukasirika. Mama gani angemwacha binti yake na kichanga kwa mwanamume anayeshinda kwenye kibaraza akipiga miayo? Nilikuwa na siku thelathini na saba.

Wiki moja nilizunguka mjini bure. Kila karakana ya vioo ilikuwa imeshasikia habari za aproni yangu. Ndipo nikamkumbuka daktari mmoja wa meno niliyemtilia vioo vya kabati zamani, nikapanda ngazi mpaka kwake ghorofa ya pili. Alinisikiliza huku ananawa mikono. Alikuwa anatafuta tangi la samaki, kubwa, la kuweka chumba cha kungojea, ili wagonjwa watazame samaki waache kusikiliza mashine yake ikitoboa meno ya wenzao. Kumbe alishanunua moja kwa mtu mwingine. Mimea yake ilioza kabla ya wiki mbili, na harufu ikawa mbaya mpaka wagonjwa wakaomba kungojea kwenye ngazi.

"Kuunga kioo si kazi, fundi," akaniambia. "Mimi nataka mimea hai. Plastiki sitaki kuiona. Litengeneze, panda, likae kwako wiki tatu na maji ndani. Nitakuja mwenyewe nilitazame. Nikikuta kijani nalichukua, na nataka jingine la nyumbani Muthangari, na nina wenzangu wawili wanaotaka yao. Nikikuta uozo, mimi na wewe hatujuani."

Nilihesabu siku nikishuka ngazi. Jumamosi aliyosema angekuja ilikuwa siku ya thelathini na tisa ya mtoto wangu.

Tangi nililijua. Fremu ya chuma cha pembe, vioo vinne, puti ya kushikia vioo ya kutosha kila kona. Lilivuja mara mbili, nikalikausha, nikatia puti upya, likashika. Mimea ndiyo sikuijua. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza saa kwenye kichochoro cha mjini, aliyefuga samaki wa rangi nyuma ya duka lake, na majani yake yalisimama kijani mwaka mzima. Aliniambia mambo machache bila kuinua jicho kwenye saa. Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Mizizi izikwe lakini shingo ya mmea ibaki nje, la sivyo unaoza. Jua la moja kwa moja lisiupige, utaota utelezi. Na maji.

"Maji ndiyo yote," alisema. "Ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu. Usiyatie mabichi. Yalaze siku mbili kwenye ndoo, wazi kabisa, usifunike hata kwa kitambaa, dawa iruke. Ukifunika haitoki."

Yalaze wazi. Nilirudia maneno hayo mpaka nyumbani.

Mimea yenyewe niliifuata Waithaka, kwa mama mmoja mkulima ambaye shamba lake liliteremka mpaka kijitoni. Chini kabisa, pembeni ya nduma zake, maji yalikuwa yametulia na yamejaa majani ya kila aina. Nilipomwomba ruhusa alinitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Hiyo ni takataka, kijana. Hata ng'ombe haikuli hiyo."

"Ndiyo hiyo hiyo naitaka, mama."

"Ni ya dawa?"

"Hapana. Ni ya kuweka ndani ya kioo, watu watazame."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Watu wa town mko na shida! Haya, chukua, na usinikanyagie nduma." Lakini nilipokuwa nang'oa alishuka akaanza kunionyesha namna ya kuingiza vidole chini ya mzizi nisiukate, na mwisho akanifungia majani yangu ndani ya gunia lililolowa. Nilipata pia visamaki vitano vidogo vya mtoni, vya kunipimia maji. Nilirudi nimejaa tope na matumaini.

Nililiweka tangi chumba cha nje, nilikokuwa nalala mimi tangu mtoto azaliwe, mbali kidogo na dirisha. Nilipanga ndoo sita ukutani, kwenye kibaraza. Puti mpya hutoa sumu kidogo majini, kwa hiyo nilipaswa kubadili maji mara kwa mara: kila baada ya siku mbili natoa ndoo tatu, natia tatu zilizolala. Mama mkwe alikaa mkekani mlangoni akimkanda mtoto mafuta, akinitazama nikipanda jani moja moja kwa vidole. Nilimsikia akimwambia mke wangu, "Mumeo leo amepata shamba." Wakacheka wote wawili. Hata mimi nilicheka. Siku hiyo nyumba ilikuwa njema.

Siku ya tatu majani marefu yalianza kuwa meupe kwenye ncha. Sikushtuka, mmea wowote uliohamishwa hununa kwanza. Siku ya tano samaki wawili walikuwa juu ya maji, wamekufa. Siku ya saba majani yale mororo yakawa yanapenyeza mwanga, ukiyagusa yanakatika na kubaki vidoleni kama ute. Nikaamini ni puti, kwa hiyo nikaongeza kubadili maji: ndoo tatu kila siku badala ya kila siku mbili, kwa zamu. Yakazidi kufa. Nikasogeza tangi karibu na dirisha, nikalirudisha. Nikachimbua mimea miwili kuangalia mizizi, nikaipanda tena, ikafa yote miwili. Samaki wa tatu. Wa nne.

Nilikuwa silali. Nilihesabu majani yaliyosimama kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Arobaini na mawili. Thelathini na tano. Ishirini na nane. Ndani nilisikia mtoto akilia na mkwe akimwimbia, na kila nikisikia sauti ile niliona gari moshi. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama sijawahi kuogopa, na mimi uoga ukinizidi hugeuka kitu kingine.

Siku ya kumi na mbili ya tangi, mtoto ana siku thelathini, niliinama kuchota ndoo nikasikia harufu. Dawa. Ndoo iliyolala siku mbili, inanuka dawa kama imetoka mferejini sasa hivi. Nikanusa ya pili. Ya tatu. Zote. Nikasimama pale kibarazani nisielewe kitu. Nikajiambia labda siku hizi manispaa wanazidisha dawa, labda siku mbili hazitoshi. Nikatoka kwenda kumuuliza yule mzee wa saa. Nilikuwa sijafika hata barabara ya lami nikakumbuka nimeacha kofia, na jua lilikuwa kali. Nikarudi.

Mama mkwe alikuwa uani. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mkono mmoja mgongoni maana mgongo ulikuwa ukimsumbua, mkono wa pili umeshika ndoo yangu. Akaimwaga kwenye mtaro. Akaisugua ndani kwa mchanga, akaisuuza mara tatu, akaenda mferejini akaijaza mpaka pale pale nilipokuwa najaza mimi. Akaibeba taratibu, akisimama kupumua mara mbili njiani, akairudisha mahali pake ukutani. Kisha akashika ya pili.

"Mama!"

Alishtuka, maji yakamrukia miguuni.

"Unafanya nini?"

"Nakubadilishia maji, mwanangu," akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliniambia neno refu uso kwa uso. "Yamelala wazi."

"Tangu lini?"

"Kila siku, ukishatoka. Weye hufuniki vyombo. Nami niliona haya kukusemeza, mtu na nyumba yake. Chombo kilicholala wazi usiku maji yake humwagwa, hujui kimepita nini juu yake. Na mna kichanga ndani humu. Basi nikasema nikutilie safi, usichoke."

Kila kitu kilikuwa hapo mbele yangu. Maneno ni yale yale: mzee wa saa aliniambia yalaze wazi, na mkwe wangu alilelewa kwamba yakilala wazi hayafai. Alikuwa mwanamke mwenye mgongo mbovu anayenichotea maji kwa siri, kwa wema, kwa wiki karibu mbili. Kilichotakiwa kilikuwa kusema ahsante mama, lakini haya nayalaza makusudi, na tungecheka wote. Naapa nililiona hilo. Nililiona, na mdomo wangu ukapita kando yake.

"Sema kweli!" nilipiga kelele. "Sema umekuja kuniharibia nikose kazi, umchukue mwanao! Umekuja kuniroga! Mchawi wewe!"

Jirani aliyekuwa akianika nguo alibaki na shati mkononi. Mkwe wangu aliiweka ndoo chini polepole isimwagike, akafungua leso kiunoni akajitanda kichwani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nimesikia."

Akaingia ndani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Maji yangu yalizoleka, mfereji ulikuwa pale pale. Nilijaza ndoo zote sita jioni hiyo hiyo, nikaziacha wazi, na hakuna aliyezigusa tena. Neno lile ndilo lililobaki nje.

Wengine wangefunga safari kesho yake. Yeye hakufunga. Alikuwa amekuja kumlea mwanawe arobaini, na arobaini ilikuwa bado. Alinipikia kama kawaida, chakula changu kikawekwa mezani kimefunikwa kawa. Alinisalimia asubuhi, alinisalimia jioni, macho chini. Mke wangu alinijibu nilichouliza, basi. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kila siku nilijiambia leo, baada ya kutazama tangi. Kisha natazama tangi.

Maana tangi lilikuwa linaamka. Siku mbili baada ya maji kulala kweli, kifo kilisimama. Nilikata majani yote yaliyooza kwa wembe, nikaacha mashina mafupi yaliyoonekana kama hayana maisha, na nikajizuia kuyachimbua. Samaki wa tano, yule mmoja aliyebaki, akaacha kuhema juu ya maji akarudi chini. Siku ya nne niliona kitu cha kijani kwenye shingo ya mmea mmoja, kidogo kama ncha ya sindano. Nililala kifudifudi sakafuni nikikitazama. Siku ya sita vilikuwa kumi na moja. Siku ya saba majani mapya yalikuwa marefu kuliko kidole changu, magumu, yenye rangi iliyokoza, na yale ya mororo yakaanza kutoa matawi. Nilikuwa nanong'ona nayo, sioni haya kusema. Nilibadili maji kidogo kidogo, nikiyamimina juu ya sahani nisichimbue mchanga. Mtoto akilia upande wa pili, nilifunga mlango nisije nikatikisa mkono.

Jumamosi daktari alikuja kama alivyosema. Alivua miwani, akainama, akatazama muda mrefu. Akanusa maji. Akaingiza kidole akasukuma jani, likarudi mahali pake.

"Hili limeshika," akasema.

"Limeshika, daktari."

"Kumbe unaweza kazi." Akaniambia nilipeleke mjini Jumatatu, nipime nafasi ya lile la Muthangari siku hiyo hiyo, na wale wenzake wawili atanipa majina yao. Nilimsindikiza mpaka garini, nikarudi mbio. Niliingia chumba cha ndani bila kubisha hodi.

"Imepatikana!" nikasema. "Kazi imepatikana. Matangi manne!"

Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Mke wangu alikuwa akikunja nguo za mtoto, na mama yake ameketi mkekani, mikono mapajani.

"Alhamdulillahi," mkwe akasema. Akamgeukia bintiye. "Umesikia, mwanangu? Mimi neno langu lilikuwa kazi, na kazi ipo. Rudisha nguo. Kaa na mumeo."

Mke wangu aliendelea kukunja.

Hapo ndipo nilipopiga magoti, na nilikuwa nimechelewa kiasi kwamba hata magoti yenyewe yalijua. Nilimshika mama miguu nikamwambia nimekosa, nimekosa sana, neno lile halikuwa langu. Akaniinua kwa bega. "Nilikusamehe siku ile ile," akasema, "kabla mikono yangu haijakauka. Mwambie huyu."

Nikamtazama huyu.

"Siku tisa," mke wangu akasema. Hakupaza sauti, mtoto alikuwa amelala. "Siku tisa mama yangu alikutilia chakula, na weye umelala kifudifudi unahesabu majani. Majani yaliyokuozea mkononi uliyasubiri wiki tatu, hukuyatupa. Mama yangu hukumsubiri amalize kuelezea."

"Mama amenisamehe."

"Nimesikia. Mimi sijakusamehe."

Walisafiri Jumatatu. Nilibeba sanduku mpaka stesheni, kisha nikaenda kupeleka tangi. Nilipata kazi nyingi mwaka ule, watu waliniita fundi wa mimea, na kila nilipopata nafasi nilishuka Mombasa, nikapokewa vizuri, nikapewa chai na mahamri na mkwe wangu mwenyewe, nikarudi peke yangu. Mke wangu alirejea mwaka uliofuata, kwa hiari yake, siku aliyotaka yeye. Mwanangu aliingia mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, akanitazama, akajificha nyuma ya buibui la mamake. Alikuwa amejifunza kutembea, na mimi sikuwepo.